Fira na Kicheko cha Pandu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na ghala la mtama, zamani, zamani sana. Humo aliishi panya jike, Bi Sikitu, na wanawe wawili, Pandu na dada yake Mize.

Kazi ya watoto wale ilikuwa mieleka. Pandu humrukia Mize, akakitafuta kisogo chake, akatia pua, wakagaragara wote wawili wakicheka kwa sauti nyembamba. Bi Sikitu akahofu paka asije akawasikia. Akaenda kichuguuni kwa Fira, nyoka aliyesifika kwa uganga, akamwomba amtulizie mwanawe.

Fira akasema mchezo umo kichwani, nao hung'oleka. Malipo hataki, ila atakachokitoa kitakuwa chake.

Mama akampeleka Pandu. Mara ya kwanza Fira akafyonza utosini. Pandu akarudi nyumbani, akacheza.

Mara ya pili akafyonza nyuma ya paji la uso. Pandu akaisahau njia ya nyumbani, lakini alipomwona Mize tu, akacheza.

Mara ya tatu Fira akazama chini kabisa, pale ubongo unaposhikana na shingo. Pandu akanyamaza.

Mama akafurahi. Mize akamwendea kaka yake, akamgusa kisogo kwa pua kama walivyozoea. Pandu akageuka, akamuuma koo. Hasira hakuwa nayo. Hakujua tena mchezo ni upi na vita ni vipi.

Damu haijakauka, kicheko kikasikika nje. Kilikuwa kicheko cha Pandu, na Pandu yuko pale pale, kinywa amefumba. Kilitoka kichuguuni. Watoto wa majirani wakakifuata wakacheze. Hawakurudi.

Bi Sikitu akakimbilia kwa Fira, akamlilia amrudishie. Fira akafunua kinywa. Kicheko kikatoka kooni mwake.

"Mchezo wake uko huku ndani, mama. Ingia uuchukue."

Bi Sikitu akarudi kinyumenyume mpaka ghalani. Akamshika Pandu wahame. Pandu akamuuma. Akambembeleza, akamshika tena. Pandu akamuuma. Mara ya tatu mama hakunyoosha mkono. Akambeba Mize na jeraha lake la koo, akaenda zake analia.

Pandu akabaki mlangoni, anaitazama njia, hamwiti mtu.

Basi, wanangu, mchezo wa watoto si upuuzi. Ndimo mtoto anamojifunza kipimo cha meno yake.

Hadithi imekomea hapo. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi.