Liwali na Tenga la Samadi

Palikuwa na liwali, na msiniulize wa mji gani, maana wajukuu zake wangali hai na tunasali msikiti mmoja. Liwali Mbaruku bin Shale alikuwa na tumbo linalomtangulia na ulimi usiojua asante. Mtaa mpya ulipojengwa, aliacha uwanja katikati, eti watu wapate pa kupungia upepo. Upepo gani! Palijaa vifusi, miiba na mizoga ya paka.

Mwanamvua, mjane msuka mikeka, ndiye aliyesema, "Jamani, tutakula ugali mkavu mpaka lini? Tulime hapa bustani ya mtaa mzima." Alikuwa na wajukuu watano na chungu kilichosahau harufu ya mboga. Watu wakajitolea, kila Alhamisi, jembe kwa jembe. Sheria yao ilikuwa moja, na kadhi aliitia muhuri siku ya kwanza: anayekosa siku ya kazi, hali kitu mpaka abebe tenga la samadi kichwani, apite nalo sokoni, alilete bustanini. Mwanamvua mwenyewe alikosa siku moja, binti yake alipojifungua. Alibeba. Sokoni walimcheka mpaka wakachoka.

Mchicha ukastawi, mibamia ikabeba. Hapo ndipo Liwali alipokumbuka kuwa ana uwanja. Wahenga wamesema mchumia juani hulia kivulini. Huyu alitaka kuchumia kivulini na kulia humo humo!

Akaja na kadhi na askari mwenye kamba. Mpiga mbiu akapaza sauti:

"Bustani hii kaijenga Liwali kwa mikono yake, na mavuno yote ni yake! Atakayekana, yeyote awaye, afungwe mwaka mzima!"

Mwanamvua aliwaza wale wajukuu watano na kile chungu. Akajitokeza mbele.

"Wewe mwanamke," Liwali akamwuliza, "nani kaijenga bustani hii?"

"Wewe, Bwana."

Watu wakaguna. Kumbe msaliti huyu!

"Kwa mikono ya nani?"

"Yako, Bwana. Tena jembe halikuiachia hata lengelenge moja, mashallah."

Liwali akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Kadhi, andika hayo!"

Kadhi akaandika. Mwanamvua akachungulia karatasi.

"Umeandika, shekhe, kwamba Liwali ni mjenzi mwenzetu?"

"Nimeandika."

"Basi karibu, mwenzetu. Tumelima Alhamisi ishirini. Ulikuja ngapi?"

"Nije kufanya nini mimi?"

"Hata moja hakuja, shekhe. Sheria ya wajenzi inasemaje?"

Kadhi akakohoa. Muhuri ni wake, ataukana vipi? "Tenga moja kwa kila siku aliyokosa," akasema, macho chini.

"Matenga ishirini!" Mwanamvua akapiga kigelegele, akalivuta tenga lililokuwa kando ya tuta. "La kwanza nimeshakujazia, Bwana. La zizini, la asubuhi hii hii, bado lina mvuke."

Liwali akaziba pua kwa ncha ya kilemba. "Mimi? Samadi? Kichwani?"

"Kilemba kivue kwanza, kisije kikachafuka. Na sokoni upite polepole, watu wapate kukuamkia."

"Mwehu wewe!"

"Mimi nilibeba, Bwana. Huna haja ya kuogopa, shingo haivunjiki."

"Sibebi! Mimi sikuijenga bustani hii! Sijashika jembe hapa hata siku moja, wallahi!"

Kadhi kalamu ikamtoka mkononi. Mwanamvua akamgeukia askari mwenye kamba, kwa adabu zake zote.

"Baba, mbiu ilisema yeyote awaye. Huyu hapa kakana, tena kwa kiapo. Utamfunga kwanza, au abebe kwanza?"