Mkataba Uliosomwa Kando ya Mashine ya Kusaga

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na liwali aliyechoshwa na kesi za mikopo. Akatoa sheria: anayeuza kwa mkopo ausome mkataba wote kwa sauti, mbele ya shahidi, ndipo mnunuzi aweke dole gumba. Asiposoma, amepoteza mali. Akisoma, na mkataba ukavunjwa, achukue mali yake.

Bi Riziki, mjane mshonaji, akataka cherehani. Khatibu mwenye duka akamwambia, "Njoo tusomeane." Wakasomeana wapi? Ubavuni mwa mashine ya kusaga unga, nayo inanguruma! Mji mzima huo, hakuona pengine? Khatibu akasoma. Riziki akatikisa kichwa kukubali. Makungu, jirani aliyeitwa kuwa shahidi, naye akatikisa kichwa. Dole likawekwa.

Riziki akalipa miezi tisa kati ya kumi, hakuchelewa hata siku moja. Masika yakaingia, paa likavuja, akaihamishia cherehani kwa dada yake isishike kutu. Kesho yake asubuhi Khatibu huyo, kaibeba! Eti mkataba unasema isitoke nyumbani kwa mnunuzi. Nani alimpasha habari upesi hivyo? Mimi sijui. Ila Makungu alionekana akinywa chai dukani kwa Khatibu.

Wakafika kwa liwali.

Riziki akasema, "Bwana, sikusikia hata neno. Ningemwambia arudie, angeniona msumbufu, aninyime. Na wanangu wanakula kwa cherehani ile."

Khatibu akasema, "Niliambiwa nisome, nikasoma. Sikuambiwa nisomee wapi. Mkiichana karatasi yangu leo, kesho sikopeshi mtu, na wajane wote watashona kwa mkono."

Makungu akasema, "Mimi nilisikia, nilikuwa karibu na mdomo wake. Lakini niliitwa kushuhudia, sikuitwa kufafanua."

"Na ile chai?" liwali akauliza.

"Chai ni chai tu, bwana."

Liwali akakuna ndevu. Sheria aliitunga mwenyewe, na sasa kila mmoja kaishika kwa upande wake. Cherehani iko uani, imefunikwa gunia; sare za shule hazijashonwa, na Riziki analia waziwazi.

Haya, ninyi mnaonitazama: kati ya aliyesoma asisikike, aliyekubali asichokisikia, na aliyesikia akanyamaza, nani abebe hasara? Na cherehani ile, je, nani alistahili kuondoka nayo?