Mkuki Uliosonga Bahari

Hii alinipa shangazi yangu Mwatumu, tukichambua mchele. Haya, sogeeni. Wewe Shee, toa mguu kwenye mkeka wa mwenzio.

Nifungue?

Fungua, bibi.

Masikio yako wazi?

Yako wazi.

Basi hapo kale, kale kabla ya kale, nchi ya Tamuru haikuwepo. Juu mawingu, chini maji. Maji tu, kama uji uliokosa unga.

Juu ya wingu walikaa mume na mke, Rindo na Mishi. Mishi ana mimba, tumbo hili hapa. Sasa niambieni, juu ya wingu utazaaje? Mtoto akitoka anapenya, anazama. Mishi usingizi hana.

"Rindo, nitafutie pa kumlaza mtoto."

"Nitatafuta."

"Lini? Huyu hasubiri."

Rindo akaenda kwa wazee wa mbinguni. Wakampa mkuki mrefu. "Koroga maji, yatashikana yawe nchi. Ila mwanamke asiushike mkuki huu."

Akarudi kifua mbele. Akachoma maji, chubwi. Akainua. Tone likadondoka, likayeyuka.

Akachoma tena, chubwi. Likayeyuka.

Akachoma tena kwa hasira, chubwi. Likayeyuka.

Mishi anamtazama, mkono kiunoni. "Baba, unapika au unawinda?"

"Nyamaza, mke wangu. Huu ni mkuki."

"Naona. Na hiyo ni sima. Sima haichomwi, inasongwa. Lete."

"Umekatazwa kuushika."

Hapo uchungu ukamshika Mishi. Akainama, akajishika magoti. Rindo hajui afanye nini. Nyie mngefanya nini?

Mishi akavuta pumzi. "Wamenikataza mkuki. Mikono yako wamenikataza?"

"Mikono? Hawakuitaja."

"Basi tulia."

Akasimama nyuma yake, tumbo linamsukuma mgongoni, akamshika mikono. Wakasonga. Polepole, chini kabisa. Maji yakaanza kuwa mazito. Koroo, koroo, koroo.

"Niinue?"

"Bado."

"Mikono inauma."

"Na mimi je? Songa."

"Niinue?"

"Sasa."

Mkuki ukatoka. Tone zito likadondoka, likakaa. Jingine juu yake, likakaa. Ikawa kichuguu, ikawa kilima, ikawa nchi, inafuka moshi. Na yale madonge ya pembeni, pale Rindo alipochoka, ndiyo visiwa vidogo vya Tamuru.

Wazee wakachungulia. "Nani kashika mkuki?"

"Mimi," Rindo akasema. "Tazameni malengelenge."

Wakatazama. Wakamtazama na Mishi, aliyekuwa anatazama pengine. Wakarudi ndani, mmoja wao anacheka.

Mishi akashuka, Rindo nyuma yake. Akakanyaga, mguu haukuzama. Akakanyaga kwa kisigino, haukuzama. Akajifungua pale pale, kwenye udongo wa moto moto, mtoto wa kike mwenye sauti kama tarumbeta. Akamlaza chini. Akaondoa mkono mmoja. Akaondoa wa pili.

Mtoto hakwenda popote.

Ndipo Mishi akalia, na Rindo akalia. Kisha wakalala, wote watatu, chali, kama magunia.

Nami mzigo wangu nimeutua hapa. Utamu wake gawaneni, uchungu niachieni mimi. Haya, jifunikeni. Mlale.