Twilumba na Kambale wa Uani

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Paukwa kwenye baridi!"

"Pakawa penye moto!"

Haya, wajukuu zangu, sogeeni. Zamani sana, juu kabisa milimani, kule ambako kipupwe kikiingia nyasi hugeuka nyeupe, aliishi mwanamke jina lake Twilumba, na mumewe Mgaya, na binti yao mdogo, Lusungu. Nyuma ya nyumba walikuwa na bwawa la samaki. Humo waliishi perege wengi, na kambale mmoja mzee mwenye sharubu ndefu. Kambale huyo alikuwa akisema, lakini maneno yake aliyasikia Twilumba peke yake. Mgaya alisikia maji yakibubujika tu.

"Kwa nini, bibi?"

Sijui, mjukuu wangu. Ndivyo ilivyokuwa.

Basi mvua zikaisha, upepo ukaanza kuuma. Majani yakapukutika, yakaanguka bwawani, yakazama, yakaoza. Twilumba akapita pale. Kambale akaibuka, akaimba:

"Twilumba we, Twilumba,
baridi yapanda mlima.
Opoa majani, mama,
tupumue, tupumue."

Twilumba akaenda kwa mumewe. "Baba Lusungu, nataka kuopoa majani bwawani."

"Yaache," akasema Mgaya. "Lile bwawa nimelichimba mimi. Nalijua."

Twilumba akanyamaza, akarudi kwenye viazi vyake.

"Akanyamaza tu?"

Akanyamaza tu.

Baridi ikazidi. Tope likajaa chini, maji yakabaki ya magotini. Kambale akaibuka tena:

"Twilumba we, Twilumba,
baridi yafika mlangoni.
Zoa tope, mama,
tujifiche, tujifiche."

Twilumba akaenda kwa mumewe. "Baba Lusungu, kina kimepungua. Samaki hawana pa kujificha baridi. Niruhusu nizoe tope."

"Majirani wakikuona watasema nini? Kwamba mumeo hana mikono?"

"Basi zoa wewe."

"Mvua zikirudi."

Jembe lilikuwa limeegemea ukuta. Twilumba akalitazama, akapita.

Baridi ikashika kabisa. Mgaya naye akaingiwa na wasiwasi. Akasema, "Hawa samaki wakishiba watapata joto. Mama Lusungu, niletee pumba." Kambale akaimba, safari hii kwa sauti ndogo:

"Twilumba we, Twilumba,
baridi imeingia ndani.
Zuia pumba, mama,
tumbo limelala, limelala."

Twilumba alisikia kila neno. Ndoo ilikuwa kichwani pake.

"Akaimwaga nje, bibi?"

Hapana. Akaipeleka. Na kesho yake akapeleka nyingine. Pumba zikaelea bila kuliwa, zikaoza pamoja na majani, maji yakanuka.

Asubuhi moja wakaamka, sakitu, ule umande ulioganda, imetanda uani kama unga uliomwagika. Perege wote walikuwa juu ya maji, matumbo yakitazama mbingu. Mgaya akajitupa bwawani awaokoe. Tope likamshika kiunoni. Twilumba akamrushia kamba, akavuta, akavuta, akamtoa. Lakini Mgaya alitetemeka kutwa nzima, na kichomi kikamkamata. Mvua ziliporudi hazikumkuta.

"Na Lusungu alikula nini?"

Viazi vitupu. Asubuhi viazi, jioni viazi.

Walipokwisha kumzika Mgaya, Twilumba alikwenda bwawani peke yake. Tope likatikisika, Kambale akatoa kichwa. Alikuwa amebaki yeye tu.

"Kambale," akasema Twilumba, "mume wangu alinikataza."

"Mumeo hakunisikia," akajibu Kambale. "Wala sikumwimbia yeye. Nilikuimbia wewe."

Kambale akapanda ukingo, akajiburura kwenye nyasi zenye umande, akashuka bondeni kuelekea mtoni. Twilumba akamwita. Akamwita tena. Alichosikia ni maji ya mtoni, yakibubujika tu.

Basi wajukuu zangu, ukisikia mwenzio anaomba msaada, kazi ni yako wewe uliyesikia. Usimngoje asiyesikia akupe ruhusa.

Hadithi yangu imekomea hapo. Fukieni makaa, tukalale.