Mwali Ndani ya Mvule

Sogezeni vigoda karibu, na mwenye kikohozi akohoe sasa, kwa maana hadithi hii ina hukumu mwishoni, na hukumu hiyo haitatolewa na msimuliaji.

Palikuwa na watu watatu katika nyumba moja ya Muheza, na kila mmoja wao alijaliwa kipawa chake. Semeni, binti mkubwa, alijaliwa mkono wa kuotesha: hata kijiti cha kuchochea moto, akikichomeka ardhini, kilichipua. Mbaruku, mdogo wake, alikuwa mwashi, naye alijaliwa vidole vya udongo: aliubinya mara moja tu akakwambia kama utashika ukutani au utapasuka. Mwajabu, mjane wa kitinda mimba wa nyumba hiyo, alijaliwa ulimi: watu waliofika kwake wakigombana waliondoka wakiazimana chumvi.

Mwenye nyumba alikuwa Bi. Mwantumu, mama mzazi wa hao wawili na mama mkwe wa huyo wa tatu. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na bustani, mali yake halali, aliyopewa kuwa mahari na mumewe, Mzee Shekalaghe, siku ya Ijumaa, tarehe 5 Julai 1968. Katikati ya bustani ulisimama mvule mnene, na juu katika shina lake, kupita kimo cha paa, palikuwa na tundu. Humo, kila mwaka, walifanya kiota hondohondo wawili, dume na jike, ndege weusi wenye midomo mikubwa iliyobeba pembe juu yake, ambao wakiruka mbawa zao huvuma kama mtu apepetaye mchele.

Desturi ya ndege hao ni ya ajabu. Jike huingia tunduni, kisha mlango huzibwa kwa udongo hadi ubaki ufa mwembamba. Dume humlisha kupitia ufa huo, siku nenda siku rudi, mpaka kinda lao lipate manyoya ya kurukia. Siku hiyo ikifika, ukuta huvunjwa kwa midomo, na wote hutoka nje.

Mzee Shekalaghe hakukosa kuitazama siku hiyo hata mara moja.

"Mama Semeni, njoo uone! Wanavunja!"

"Nina chungu motoni, Bwana!"

"Chungu hakina mbawa, mke wangu!"

"Na wewe huli mbawa!" alijibu Bi. Mwantumu kutoka jikoni, na chungu kilipoiva ndege walikuwa wamekwisha kwenda zao. Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka. Mzee alipofariki, mwezi wa Machi mwaka 2009, ndipo mjane wake alipotambua kwamba ameishi miaka arobaini chini ya jambo asilopata kuliona.

Baada ya matanga, ndugu waliisafisha bustani kwa nia njema. Walifyeka vichaka, wakayafagia majani makavu na kuyachoma, wakapuliza dawa ya wadudu kila pembe. Uwanja ukawa mweupe kama sahani, na majirani wakausifu. Kisha mwezi wa Oktoba, Mbaruku aliona udongo mbichi umebandikwa pembezoni mwa tundu la mvule. Akadhani ni mchwa wameanza kuula mti wa marehemu baba yake. Mwashi ni mwashi: akapanda ngazi, akakwangua udongo wote, akaliziba tundu kwa saruji na kulilainisha kwa mwiko mpaka likang'aa.

Kwa bahati, jike alikuwa hajaingia. Hondohondo wawili walikuja, wakaigonga ile saruji asubuhi nzima, ko, ko, ko, kisha wakaondoka.

"Kazi safi hiyo, mama," alisema Mbaruku, akipangusa mikono. "Mchwa haingii tena."

Bi. Mwantumu aliutazama mti, kisha akamtazama mwanawe. "Mchwa gani, Mbaruku? Umeufunga mlango wa watu."

Tangu siku hiyo ndege hawakurudi. Siku ya Idi, tarehe 10 Septemba 2010, familia ilipokusanyika, Bi. Mwantumu alisema mbele ya kaka yake, Mzee Mbelwa: "Bustani hii sitaigawa, kwa sababu mti hauna nusu. Atakayenirudishia hondohondo, nikawaona kwa macho yangu wakitoka tunduni, huyo ndiye nitakayempa."

Semeni alianza na chakula. Masika ya mwaka 2011 alikata matawi manene ya mkuyu kando ya mto, akayasimika pande zote za bustani, nayo yakashika. Akapiga marufuku dawa ya wadudu, na, jambo lililozua maneno mtaani kote, akapiga marufuku ufagio. Majani yalianguka yakaachwa yaoze. "Kwa Bi. Mwantumu siku hizi hakufagiwi," walinong'ona wanawake kisimani. "Uzee umeingia." Mama mwenyewe aliona haya, akajaribu kufagia kwa siri alfajiri, na Semeni akamfuma.

"Mama, weka ufagio chini. Unawafagia wageni."

"Wageni gani? Mimi naona takataka."

"Inama basi."

Bi. Mwantumu akainama, akafunua majani kwa ncha ya kidole. Chini yake palikuwa na jongoo, na kombamwiko wa porini, na chura mdogo wa rangi ya kahawa aliyemkazia macho kama karani aliyekatizwa kazi. Tangu siku hiyo akawa mdadisi. Alimwona chozi, ndege mdogo wa kung'aa, akinyonya maua ya mkomamanga huku akining'inia kichwa chini. Alimwona kinyonga, aliyemwogopa tangu utotoni, akimeza nzi, naye akamwambia, "Kumbe una kazi, bwana." Mwaka 2016 mikuyu ilizaa makuyu mekundu tangu chini ya shina, na tarehe 14 Agosti ule mvumo wa mbawa ukasikika tena. Hondohondo walikuwa wamekuja kula.

Mbaruku alianza na mlango. Alijua alichokifanya, wala hakuhitaji kukumbushwa, ingawa Semeni hakuacha kumkumbusha. Alipanda mti na tindo ndogo, akaimega saruji yake chembe kwa chembe ili asiumize gome. Alipomaliza aliingiza mkono, akaupapasa mdomo wa tundu na kuurudishia umbo lake la zamani, jembamba na refu, kama alivyolikumbuka. Hapo wengine wangeshuka na kunawa. Yeye akajiuliza: ndege hawa watajenga kwa udongo gani? Bustani ilikuwa imekauka na barabara imewekwa lami. Basi akachimba shimo la kina kifupi chini ya mvule, akaleta udongo wa kichuguu na udongo wa mtoni, akauchanganya na kuubinya, akautupa, akauchanganya tena.

"Mwashi unawakorogea ndege?" Semeni alicheka. "Na mshahara watakulipa kinyesi?"

"Dada, wewe pika. Mimi najenga."

Kiangazi kizima aliumwagia maji udongo ule usikauke. Mwisho wa Septemba mwaka ule wa 2016 dume alishuka, akameza tonge la udongo, akapanda nalo. Jike akaingia, na mlango ukazibwa. Mbaruku aliutazama ukuta ule kutoka chini, akasema polepole, "Ameshinda kazi yangu. Hauna ufa hata mmoja, ila ule mmoja."

Mwajabu hakuwa ameanza na chochote. Alipika, akachota maji, akamsikiliza mama mkwe wake akisimulia habari za vinyonga. Lakini mwezi wa Novemba likazuka jambo. Wakati wa Ramadhani, kabla ndege hawajarudi, Bi. Mwantumu alikuwa amemwahidi jirani yake, Bi. Sikudhani, bustani ile kwa harusi ya binti yake. Sote twajua desturi: uwanja wa jirani hauombwi ukanyimwa. Harusi ilikuwa Jumamosi, tarehe 17 Desemba. Turubai lingefungwa kwenye mvule wenyewe, jenereta liwekwe shinani, na spika zitundikwe chini kidogo tu ya tundu. Dume akitishika asirudi, jike na kinda wangekufa njaa nyuma ya ukuta wao.

"Nitamwambiaje?" aliuliza Bi. Mwantumu. Kwa mara ya kwanza tangu matanga, mkwewe alimwona akilia. "Nimekula pilau ya harusi zake zote. Nimnyime uwanja kwa ajili ya ndege?"

"Usimnyime, mama," alisema Mwajabu. "Niache niende nikamwamkie."

Bi. Sikudhani alimpokea mlangoni huku ameshika kiuno. "Nimekwisha kusikia. Tangu lini ndege akawa jirani kuliko mimi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinilainishe."

"Bibi harusi hajambo? Mbona simwoni?"

"Utamwonaje? Yuko ndani. Mwali hatoki."

"Na chakula?"

"Anapelekewa na kungwi wake. Kwani wewe hukuwekwa ndani?"

"Niliwekwa. Na mtu akija kupiga debe dirishani pake?"

"Nitamng'oa meno!"

"Basi, mama, hata sisi tuna mwali," alisema Mwajabu. "Mlango wake umezibwa kwa udongo, hatoki mpaka siku yake, na chakula anapelekewa na mumewe mwenyewe, mdomo kwa mdomo."

Mabega ya Bi. Sikudhani yakaanza kutikisika. "Mume ndiye anayelisha? Kutwa?"

"Kutwa. Wala hagombi."

"Ningeozwa mimi huyo!" Akacheka mpaka akaketi kizingitini, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Haya. Mwali hapigiwi spika mlangoni. Mwambie mwenzangu Mwantumu harusi itakuwa kwa kaka yangu, kule stesheni. Lakini nitakuja kumwona mwali wenu akitoka, na nisipoona kitu nitawatangaza mji mzima."

Siku ya harusi aliwaletea sinia la pilau, akasema ni la mwali wa mtini.

Jumapili, tarehe 22 Januari 2017, Bi. Mwantumu alikuwa jikoni aliposikia ko, ko, ko. Chungu kilikuwa motoni. Akakiacha. Alitoka na mwiko wa kupikia mkononi, akasimama chini ya mvule, na udongo ukamdondokea kwenye ushungi. Mdomo mmoja ulitokeza, ukavunja, ukapumzika, ukavunja tena. Jike akachomoza, amesinyaa manyoya kama mgonjwa aliyelala sana. Akakaa juu ya tawi, akapiga kelele. Nyuma yake kikatokeza kichwa kingine kisicho na pembe, kikaitazama dunia huku na huku, kikarudi ndani, kikatokeza tena.

"Anaogopa," alinong'ona Bi. Sikudhani, aliyekuja mbio na kiatu kimoja.

"Hata," alisema Bi. Mwantumu. "Anatazama."

Kinda likaruka. Wali ukaungua, wala hapana aliyeulalamikia.

Sasa msikilize kwa makini, kwa maana hapa ndipo penye fundo. Mwaka huo Bi. Mwantumu alijaliwa safari ya Hijja, na aendaye Hijja huweka mambo yake sawa kabla ya kuondoka. Jumamosi, tarehe 12 Agosti, aliwaita wote bustanini, na Mzee Mbelwa akiwa shahidi.

"Kila mmoja aseme lake," alisema Mzee Mbelwa.

"Walikuja kwa sababu ya makuyu yangu," alisema Semeni. "Bila chakula wasingepita hata juu ya paa. Nilitukanwa kwa ajili ya majani yale. Na huyu mdogo wangu alitengeneza alichokiharibu mwenyewe; anayerudisha alichochukua hapewi zawadi."

"Ni kweli niliwafukuza," alisema Mbaruku. "Lakini kwenye makuyu yako walikula, dada, kisha wakaenda kulala kwingine. Waliokaa, walikaa kwa tundu na kwa udongo. Saruji niliyoiweka niliitoa. Shimo la udongo sikuwa na deni nalo."

"Nawe Mwajabu?"

"Mimi nilisema maneno tu, mjomba," alijibu Mwajabu, macho chini. "Sikupanda kitu, sikujenga kitu. Wala si damu ya nyumba hii."

"Maneno hayo yasingesemwa, mngekuwa na mifupa tunduni," Bi. Sikudhani alidakia kutoka upande wa pili wa ua, ambako hakuna aliyekuwa amemwalika.

Bi. Mwantumu aliwatazama wote watatu. Ahadi yake ilikuwa ya mtu mmoja. Akimpa Semeni, je, Mbaruku ataendelea kumwagia maji udongo wa mwingine? Akimpa Mbaruku, Semeni atavumilia kuikata kiu mikuyu isiyokuwa yake? Akimpa mkwewe, wanawe watasemaje, na asipompa, ni nani atakayekwenda kwa jirani harusi nyingine ikija? Macho yake yakaangukia lile shimo chini ya mvule. Siku zile za kungoja uamuzi hapana aliyelitia maji, na udongo ulikuwa umepasuka.

Akanyanyuka. Akachukua birika lake la kutawadhia, akalimimina lote shimoni, akarudi kuketi. Haukupita muda, mvumo wa mbawa ukasikika juu ya paa, na dume akatua ukingoni mwa shimo, karibu kabisa na miguu yao, akageuza kichwa akawatazama kwa jicho moja, kama anayesubiri naye kusikia.

"Bustani hii," alisema Bi. Mwantumu, "nimempa..."

Hapo msimuliaji anaifunga hadithi na kuwakabidhi nyinyi birika. Yuko aliyewaita ndege, yuko aliyewafungua mlango aliokuwa ameufunga, na yuko aliyeulinda mlango ulipokuwa umefungwa. Mti hauna nusu, na msafiri anangojwa. Haya, mahakimu: je, ingekuwa ni nyinyi mlioketi pale, na ndege yule anawatazama, mngelitaja jina la nani?