Bolti Nne za Kiti cha Mama

Wahenga, ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumiliki gari, walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maana yake si ngumu. Kitu kikiwa chini hakipandi kumfuata mtu. Mtu ndiye anayeshuka kukifuata. Wahenga hawakutaja chochote kuhusu mtu mrefu kupindukia, aliyevaa suruali ya mstari mkali kama wembe. Huenda walidhani mtu wa aina hiyo ataelewa mwenyewe. Walimkadiria kupita kiasi.

Palikuwa na fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mlingoti. Alikuwa mrefu kiasi kwamba kila mlango mpya kwake ulikuwa mtihani, na kuinama hakukupenda hata kidogo. Mteja akileta suruali ipunguzwe, mafundi wengine hupiga magoti wakachomeka pini kwenye pindo. Mlingoti alimpandisha mteja juu ya meza. Watu wazima na heshima zao walisimama pale juu, mbele ya dirisha la barabarani, kama sanamu zilizokosa uwanja. Walinung'unika, lakini mkono wake ulikuwa safi, kwa hiyo walirudi.

Mlingoti aliishi na mama yake mzazi. Mwanzoni mwa mwaka mama aliteleza bafuni, akapona, ila nyonga ikagoma kukunjika kama zamani. Siku walipojaribu kumpakia garini aliingia nusunusu: kichwa ndani, mguu mmoja nje, majirani wawili wakimsukuma kwa nyuma na kupeana maelekezo yanayopingana. Alitoka humo na nundu kwenye paji la uso, akaapa kwamba hatapakiwa tena kama gunia la mkaa.

Kiapo hicho kingekuwa cha kuchekesha tu, kama si habari za mama mdogo. Huyo ndiye ndugu pekee aliyembakia mama, naye aliishi upande wa pili wa mji, macho yake yakizimika kidogo kidogo kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Madaktari walikwisha kuinua mikono. Akatuma ujumbe kwamba dada yake aje upesi, maana kwa sasa bado aliweza kuona sura ya mtu akisogea karibu. Baada ya hapo angebaki na sauti tu. Mama alipoupata ujumbe huo aliomba kioo. Alijitazama kwa kitambo, akakirudisha.

"Mwanangu," akasema, "nitafutie njia ya kuingia kwenye hilo gari lako nikiwa na heshima yangu."

Mlingoti akaenda kwa fundi wa kuchomelea, naye akamtengenezea bamba la chuma linalozunguka, la kuwekwa kati ya kiti na sakafu ya gari. Kiti kingegeuzwa kikautazama mlango, mama angekaa taratibu bila kujipinda, kisha angezungushwa hadi atazame mbele kama malkia anayekagua gwaride. Kilichopungua ni bolti tu. Zile za zamani zilikuwa fupi, kwa kuwa bamba lilikuwa nene kama vidole viwili.

"Tafuta nne zenye meno kama haya, ila ndefu," fundi akamwambia. "Ukizileta, hiyo kazi naimaliza kabla chai haijapoa."

Mlingoti aliondoka akipiga mluzi. Bolti nne! Mtu aliyewahi kushona suti ya bwana harusi mwenye kitambi cha kuhamahama, atashindwa na bolti nne?

Akafanya alichozoea. Alitoa tepu shingoni, akapima tundu la bolti kama anavyopima kiuno, akapima urefu kama anavyopima mguu, akaenda dukani na vipimo kichwani. Muuzaji alimpa bolti zilizolingana navyo kabisa. Akazijaribu: zikazunguka mara mbili, zikakwama kama punda aliyekumbuka jambo. Katika duka la pili aliulizwa kama anataka meno makubwa au madogo. Mlingoti, asiyetaka kuonekana mshamba, akajibu kwamba anataka ya wastani. Hizo ziliingia bila kuzungushwa, na zikatoka kwa namna hiyohiyo. Duka la tatu lilimpa bolti ambazo kwa macho zilikuwa pacha wa zile za zamani. Nazo zikakataa.

Hapo ndipo ukungu ulipomshukia. Alizipanga bolti zote juu ya meza ya kushonea, akazitazama, zikamtazama. Zilifanana kama watoto wa mama mmoja, na hakuna hata moja iliyokubali kuingia. Akachukua sindano akaanza kuhesabu meno. Akapotea njiani, akaanza upya, akapata jibu jingine. Alipohesabu tena alipata la tatu, ambalo lilimpendeza zaidi, lakini hakujua la kulifanyia. Siku hiyohiyo alimshonea mteja koti lenye mikono miwili ya kushoto.

Mama alikuwa akiuliza kila asubuhi kama kiti kiko tayari. Baadaye aliacha kuuliza, na huko kunyamaza ndiko kulikomuuma zaidi Mlingoti.

Mwishowe akaiomba kwa fundi wa kuchomelea moja ya zile bolti za zamani, jambo ambalo angelifanya tangu mwanzo kama asingeiamini mno tepu yake, akaipeleka kwa mama mmoja muuza vipuri aliyekuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Muuzaji aliigusanisha bolti hiyo na nyingine, jino kwa jino, kisha akatikisa kichwa. Alimweleza kwamba gari lake ni la zamani, na waliolitengeneza walipenda kuchonga meno yao wenyewe. Fupi alikuwa nazo. Ndefu hazikuwepo mjini. Zingeagizwa mbali, na zingefika zitakapopenda kufika.

Mlingoti akauliza kama hawezi kuziunga zile fupi kwa kuzichomelea.

"Kiti hicho kinambeba nani?"

"Mama yangu."

"Basi jifanye hukuniuliza," muuzaji akasema. Aligeuza ile bolti kiganjani. "Zamani niliwahi kuagiza nne ndefu za namna hii. Mteja mmoja mfupi, mcheshi sana, na gari kama lako. Alitaka kukiinua kiti chake aione barabara."

Mlingoti aliichukua bolti yake, akaaga haraka.

Alimfahamu mtu huyo. Alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, mfuga kuku. Siku moja ukoo mzima ukiwa umekusanyika, Mlingoti alisimama na kuomba kusikilizwa, akatangaza kwamba shemeji amepandisha kiti cha gari, na afadhali, kwa sababu zamani likipita watu walikimbia wakidhani linajiendesha lenyewe. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Shemeji naye alicheka. Kisha alimaliza chakula chake, akanawa, akaondoka, na tangu hapo hakukanyaga tena nyumbani kwa Mlingoti.

Mlingoti alirudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. Iweje katika mji wenye vyuma vyote hivi, bolti anazozihitaji zimejificha mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni pale? Alimweleza mama mkasa wote, pamoja na maajabu yake.

"Kwa hiyo unajua zilipo," mama akasema.

"Najua, mama."

"Basi sielewi unachonieleza."

Shemeji alimpokea kwa adabu iliyomtisha. Alimwonya kuhusu mlango, lakini Mlingoti alikwisha kuugonga kwa kichwa. Wakaketi. Mlingoti akauliza habari za kuku, akauliza habari za mayai, akauliza habari za chakula cha kuku, mpaka dada yake akasimama akaenda zake jikoni, akidai kwamba hajawahi kumsikia kaka yake akipenda kuku wakiwa hai. Hapo ikabidi aseme. Alisema haja yake kwa haraka, akiwa ameangalia ukuta.

"Gari lilikufa injini," shemeji akamjibu. "Sasa kuku wanalala humo. Kwa ajili ya mama mkwe ningetoa hata paa. Lakini aliyekuja ni wewe, shemeji, kwa hiyo atakayefungua ni wewe. Spana hii hapa."

Gari lilikuwa uani, bila magurudumu, limekaa chini kama bata. Mlingoti alijaribu kwanza kufungua akiwa amesimama. Mkono haukufika. Alijaribu kupitia dirishani, akafika hadi kwenye usukani. Akajaribu kuifunga spana kwenye mpini wa ufagio, na jogoo mmoja akaja kutazama. Shemeji alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akimtazama.

Mlingoti akaitazama suruali yake. Akamkumbuka mama akirudisha kioo. Kisha akapiga magoti kwenye mavi ya kuku, akalala kifudifudi, akaingiza kichwa chini ya kiti, ambako kuku mmoja alikuwa akiatamia na hakufurahia mgeni.

Ya kwanza ilifunguka, ya pili ikafuata. Alipokuwa kwenye ya tatu, sauti yake ikatoka mvunguni.

"Shemeji. Lile neno la siku ile lilikuwa la kijinga. Nisamehe."

"Umesemaje? Kuku wanapiga kelele."

Mlingoti akavuta pumzi, akajuta kuivuta mahali hapo, akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

"Nilisikia mara ya kwanza," shemeji akasema.

Bolti ya nne ilikuwa imeshikwa na kutu. Mlingoti alihangaika nayo mpaka jasho likamwingia machoni, na ndipo alipoona mtu anatambaa kutoka mlango wa pili. Alikuwa shemeji, na chupa ya mafuta ya taa mkononi. Vichwa vyao vikakutana chini ya kiti. Huko hakukuwa na mrefu wala mfupi.

"Shikilia hapo," shemeji akasema. "Nikisema vuta, vuta."

Akasema, wakavuta, nayo ikatoka.

Jumamosi, fundi akiwa amekwisha kufunga bamba na bolti zake, gari la Mlingoti lilisimama mlangoni kwa mama mdogo. Shemeji, aliyekuwa amekaa nyuma, alishuka akaufungua mlango wa mbele, na Mlingoti akakizungusha kiti taratibu mpaka mama akautazama ua wa mdogo wake. Hakuinamishwa wala kusukumwa. Mama mdogo alikuja akipapasa hewa, akasogea mpaka nyuso zikakaribiana, akaushika ule wa dada yake kwa mikono miwili, akautazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekariri.

"Dada, umezeeka."

"Hapana," mama akajibu, machozi yakimtiririka. "Ni macho yako tu yameharibika."

Wakacheka wote wawili, paji kwa paji.

Mlingoti alisimama kando akiwaangalia. Suruali yake ilikuwa na madoa mawili magotini ambayo sabuni ilishindwa kuyatoa, na ule mstari wa wembe haukuonekana tena. Mtu wa mtaani akipita angeweza kumuuliza fundi mzima anavaaje nguo ya namna hiyo hadharani, naye angemjibu kwa kifupi, akiwa amenyooka wima, kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.