Makopa Yaliyoanuliwa

Ndugu zangu, hasa ninyi vijana mlioketi kule nyuma mkidhani hamwonekani, leo nataka niwape habari ya makopa.

Kulikuwa na binti mmoja wa kidato cha pili, katika kijiji ambacho mvua ikija mchana hakuna anayeuliza kilichoanikwa ni cha nani. Unaanua vyako, unaanua na vya jirani, na jua likitoka unamrudishia. Ndivyo mama yake alivyomlea.

Siku hiyo wingu likatanda ghafla. Binti akakumbuka kwamba bibi jirani, mjane aliyeishi peke yake, ameanika makopa yake ya muhogo uani. Akakimbia, akapenya kwenye uwazi wa ua, akaanza kuyazoa na kuyatia kwenye ungo wa bibi. Ndipo akasikia sauti jikoni.

"Shamba hilo sitoi, mwanangu. Mume wangu amelala humo."

"Utatoa, mama mdogo. Utatoa leo."

Mlango wa jiko ulikuwa nusu wazi. Binti akaona mchi wa kinu ukipanda, akauona ukishuka. Aliyeushika alikuwa mpwa wa bibi, yule kijana mcheshi anayewatua akina mama ndoo zao bila kuombwa. Binti alitaka kupiga kelele, lakini sauti haikuja. Alipozinduka alikuwa kwao, ungo wa makopa kifuani, mvua ikimwagika nyuma yake.

Mvua ilipopungua, fundi baiskeli mmoja, mgeni pale kijijini, alikuwa akipita. Akasikia mtu akiugulia maumivu. Akaingia, akausogeza mchi uliokuwa njiani, akainama kumnyanyua bibi. Akina mama waliokuwa wakitoka kisimani wakamkuta hivyo hivyo, shati limelowa damu. Mgeni, mchi, damu. Wakapiga yowe. Alijitetea, lakini nani alimsikia? Wakamfunga kamba na kumpeleka ofisi ya kijiji asubiri gari la polisi, ambalo kwa matope yale lingefika kesho yake.

Bibi hakufa. Alitibiwa zahanati, akarudishwa kitandani kwake, lakini hakusema neno. Watu wakasema pigo limemziba ulimi. Mpwa ndiye aliyemuuguza, akimlisha uji kijiko kwa kijiko, wala hakumwacha peke yake na mtu yeyote. Akina mama wakamsifu: "Mtoto wa kuzaa asingefanya haya!"

Kesho yake asubuhi watu walipokuja kumpa pole, yule mpwa akasimama uani, macho mekundu.

"Nawashukuru nyote," akasema. "Na kuna mtu mwema alimwanulia mama mdogo makopa yake jana. Ni nani? Ajitokeze nimpe asante yangu."

Watu wakatazamana wakitabasamu. Hakuna aliyeinusa hatari ndani ya shukrani ile isipokuwa mmoja. Binti akatazama vidole vya miguu yake.

Wewe ungejitokeza? Usinijibu haraka.

Akarudi nyumbani, akakuta mama yake ameutoa ungo nyuma ya kuni, alikouficha binti.

"Huu si ungo wa bibi?"

"Ndiyo, mama."

"Na jua limetoka tangu asubuhi! Tangu lini sisi tunakalia cha mtu? Rudisha sasa hivi, na umwambie nitakuja jioni kumwogesha."

Angemwambia nini mama yake? Akajitwika ungo, akaenda.

Mpwa alikuwa mlangoni akikoroga uji kwenye jiko la mkaa. Alipouona ungo, mwiko ukasimama.

"Kumbe ni wewe, mdogo wangu."

"Mama ndiye amenituma."

"Asante sana. Ulianua mvua ikiwa imeanza, au bado?"

"Ilikuwa imeshaanza, kaka. Nilikuwa natazama chini tu."

Mpwa akacheka, akamtua ungo kwa mikono miwili, kwa upole kabisa. "Ingia umsalimie bibi. Mlango uache wazi."

Binti akapiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo, bibi." Kimya. Pale nje uji ukafurika, ukamwagika kwenye mkaa, na mpwa akainama kuuepua huku akilalamika. Na hapo, ndugu zangu, ule mkono uliolala kama gogo ukaushika mkono wa binti.

"Marahaba, mjukuu wangu," bibi akanong'ona. "Nilikuona uani."

"Bibi! Kumbe unasema?"

"Nasema. Lakini ningemtaja, wangeniuliza nani mwingine alikuwepo, na mimi uongo siuwezi. Angekufanya kama alivyonifanya mimi. Nenda nyumbani, mwanangu. Kaa kimya, uishi."

Mpwa akaingia na kikombe. Bibi alikuwa ameshafumba macho.

Mnaona? Watu wawili walikuwa wamenyamaza juu ya jambo lile lile. Mmoja alinyamaza ili ajifiche. Mwingine, aliyepasuliwa kichwa, alinyamaza akinyweshwa uji na mkono uliompiga, ili mtoto wa jirani apone!

Binti akatoka. Njia ya kwao ilikuwa kushoto. Akashika ya kulia, mpaka ofisi ya kijiji, ambako gari la polisi lilikuwa limewasili na fundi akipandishwa, kamba mikononi. Safari hii sauti ilikuja.

"Mfungueni huyo. Mimi ndiye niliyeanua makopa, na nilimwona aliyempiga bibi. Kimbieni kwa bibi kwanza, ni mpwa wake, na yuko naye peke yake!"

Wakakimbia. Wakamkuta mpwa angali na kijiko mkononi. Na bibi, kwa mara ya kwanza, akasema mbele ya watu wote: "Mtoto amesema kweli."

Ndugu zangu, sisi tu wepesi wa kuanua nguo za jirani. Huo ni wema, na Mungu anauona. Lakini ni mambo mangapi ya jirani tumeyaficha nyuma ya kuni zetu? Uliona mke wa mtu akipigwa, ukapita. Uliona kijana akisingiziwa, ukatazama vidole vya miguu yako. Ulichokiona si chako. Ni cha yule aliyeonewa, wewe umekishika tu mvua ipite. Na huenda unaishi kwa amani leo kwa sababu yupo mtu aliyeumia, akakufichia jina lako.

Tunaogopa, ndiyo. Hata yule binti aliogopa.

Jua limetoka, wapendwa. Rudisheni ungo.